Uvimbe Ambao Bima Haiujui Bado

Harlan Creek, Ohio
Septemba 14, 2009

Mpendwa mama mdogo Darlene,

Nisamehe, leo naanza na jambo lenyewe kabla ya salamu, maana nikichelewa nitaogopa. Nina uvimbe shingoni, upande wa kushoto. Niliugundua mwezi Juni, wiki niliyomaliza shule, na bado unakua. Sijamwambia mtu yeyote.

Sasa nakusalimu. Hujambo huko Alaska? Baba mdogo Vern, mgongo umepoa? Sisi hapa tu wazima, angalau ndivyo Mama anavyodhani.

Najua utauliza kwa nini sijaenda kwa daktari. Unamkumbuka Odell, mwokaji wa duka la Mama la mikate. Alipopasuliwa moyo mwaka jana, bima ya duka ilimlipia, kisha kampuni ikatupandishia ada sote, kwa kuwa tuko wachache na ugonjwa wa mmoja wanautoza kwa wote. Maskini Odell akawa anatuomba radhi kila siku, kama mtu aliyeunguza mikate. Novemba bima inafanywa upya. Mama amesema ada ikipanda tena, hataiweza, itabidi aifute bima yenyewe. Dawa za Odell zinatoka humo. Kwa hiyo nafunga skafu, nasema nina mafua.

Mama yeye ametengeneza bango la kuunga mkono bima ya umma, ile wanayobishania Washington. Amelibandika dirishani, juu ya donati. Wateja wengine wametuhama. Bwana Stroud bado anakuja, ila lazima amchokoze.

"Lorna, siku hizi umekuwa mjamaa?"

"Mjamaa gani anayekuuzia kahawa kwa bei hii? Lipa, uende zako!"

Alhamisi kulikuwa na mkutano kuhusu bima hiyo kwenye ukumbi wa zimamoto. Watu walizomeana mpaka nikatamani kuingia chini ya kiti. Mama alisimama na aproni yake, unga bado mikononi.

"Jamani, mimi napenda faida kama nyinyi," alisema. "Lakini sitaki mtu wangu afiche ugonjwa kwa kuihofia bima."

"Nani anayeficha?" mtu akapiga kelele. "Mtaje basi!"

Mama aligeuka akatutazama, Odell na mimi, tuliokaa nyuma.

"Kwangu hakuna," akasema. "Wangu wangeniambia."

Niliinamisha kichwa. Odell alinipa peremende ya kikohozi, akaninong'oneza, "Mafua yako haya yana ukaidi, binti."

Nilipanga kungoja mpaka sheria ya bima ya umma ipite. Lakini hakuna ajuaye itapita lini, au kama itapita, na kila nikiupapasa uvimbe naona umezidi. Tena sasa siwezi kumtazama Mama usoni.

Naomba kitu kimoja. Jumapili ya kwanza baada ya kuipata barua hii, piga simu baada ya kanisa kama kawaida yako. Ongea na Mama kwanza, kisha uniulizie. Nitamwambia palepale jikoni, nawe ubaki kwenye simu. Peke yangu sitaweza.

Nisalimie binamu Tessa, na umwambie skafu aliyonifumia naivaa kila siku. Mungu awalinde na baridi ya huko.

Hadi Jumapili hiyo, tafadhali usimwambie mtu, hata baba mdogo. Nataka Mama alisikie kutoka kwangu.

Mwanao anayekungoja kwenye simu,
Maribeth