Filimbi Ndani ya Injini

2 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula vizuri, na wewe mgongo vipi? Naandika barua kwa sababu juzi kwenye simu uliitikia "eeh, eeh" dakika kumi nzima, na najua hukunisikia hata neno moja. Miaka thelathini ya injini bila kuziba masikio si mchezo, mzee wangu.

Karakana ya mabasi imenichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Ile bisibisi yako ndefu imenipa jina! Naweka ncha kwenye injini, mpini kwenye sikio, nataja ugonjwa. Wenzangu wananiita Daktari.

Mwanao, Spana

12 Machi

Kwa Spana wangu,

Marahaba. Mgongo umetulia, mama yako anakusalimu sana. Ila shangazi yako amenionyesha picha yako kwenye simu yake, umefunikwa na moshi kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Umeanza sigara?

Baba yako

21 Machi

Baba,

Shikamoo. Huyo shangazi naye! Si sigara, ni kidude cha umeme, kinatoa mvuke wa mnanaa tu. Kila mtu hapa anacho. Ondoa wasiwasi.

Spana

24 Aprili

Mwanangu,

Hujambo huko? Mwezi umepita na hii ni barua yangu ya pili bila jibu. Mama yako anasema una kazi nyingi, lakini kila akisikia mlango anakimbilia. Andika hata mstari mmoja.

Baba yako

3 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe. Nimeona aibu kuandika.

Wiki iliyopita liliingia basi, nikaweka bisibisi, nikasikia filimbi nyembamba. Nikasema ni beringi ya jenereta. Nikaifungua: safi. Nikaifunga, filimbi ipo. Nikafungua pampu ya maji: safi pia. Basi lilishinda limelala. Fundi mkuu akachukua bisibisi, akasikiliza, akazima injini na kuniangalia.

Nikamwambia, "Bosi, bado inalia."

Injini ilikuwa imezimwa, baba. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza.

Sikio la kushoto limeziba tangu mwezi uliopita, kama limeingia maji. Nilidhani ni mafua. Kile kidude nakivuta kutwa, hata nikiwa chini ya basi. Fundi mkuu ameniambia nisiguse injini mpaka nione daktari wa masikio. Naogopa. Nisiposikia, ufundi wangu umekwisha.

Spana

11 Mei

Spana wangu,

Sijakasirika. Kaa chini nikuambie kitu ambacho hata mama yako hakijui.

Hiyo filimbi naijua. Ninayo mwenyewe tangu hujazaliwa, asubuhi mpaka asubuhi. Ndiyo maana naitikia "eeh, eeh". Nilikwenda hospitali? Wapi! Nilijifanya mwanamume. Yangu ni ya kelele, imeshaota mizizi. Yako bado mbichi. Nakuomba, kitupe hicho kidude na mwambie daktari ukweli wote.

Baba yako

9 Juni

Baba!

Shikamoo, shikamoo tena! Daktari alikuta maji nyuma ya ngoma ya sikio. Kumbe kuna mrija mdogo kutoka puani hadi sikioni, na wangu ulikuwa umevimba. Hakuapa kwamba ni mvuke peke yake, maana mafua nayo yalikuwapo, lakini alisema mvuke unaukera, na kumbe kina nikotini kama sigara, ambayo inaweza kupunguza damu inayofika sikioni. Niache kwanza, ndipo anipime tena.

Kile kidude nilikitumbukiza kwenye pipa la oili chafu mbele ya wote, nisije nikakiokota. Wiki mbili za kwanza nilimgombeza kila mtu, hata tairi.

Jumanne nilikuwa chini ya basi, nikapiga miayo, sikio likafunguka: paa! Nikasikia bomba likidondosha maji upande wa pili wa karakana. Baba, nililia humo humo. Jana daktari alinipima tena, sikio liko sawa.

Fundi mkuu alinipa bisibisi, akazima injini. "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, bosi."

"Basi umepata kazi."

Sasa zamu yako. Mimi nimeacha mvuke, wewe acha ukaidi. Nenda ukapimwe.

Spana

2 Julai

Binti yangu,

Sote wazima. Barua yako mama yako aliisoma kabla yangu, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. Alinishika mkono mpaka mlangoni kwa daktari.

Nimepewa kifaa cha sikioni. Filimbi ipo, ila imesogea nyuma. Nimegundua kwamba mama yako huimba anapoosha vyombo, na anaimba vibaya sana. Nimekaa jikoni wiki nzima namsikiliza.

Usijibu barua hii. Jumapili saa nne asubuhi nitakupigia. Ile simu niliyokuitikia "eeh, eeh", uianze upya yote.

Baba yako