Maji ya Shangazi Yako Nimeyaziba

Nakunda wangu,

Umelala nyuma ya nyumba, na mimi bado naamka kukunyonyesha. Maziwa hayajui kama umekufa. Nayakamulia chini, nalia, kisha nakasirika. Wewe sikukasirikii, mwanangu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinishika kidole ukinyonya, hukiachi hata usingizini? Macho yako yalikuwa manjano, choo cheupe kama majivu, tumbo gumu. Nikakubeba mgongoni mpaka hospitali ya Same. Daktari Mzungu akakupapasa, na dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda, Mpare mwenzetu, akanieleza: "Mama, njia ya nyongo ya mtoto imeziba tangu hajazaliwa. Nyongo inarudi kuliunguza ini. Ini linaota upya, linaunguzwa tena, mwisho linabaki makovu matupu. Wewe huna kosa."

Kumbe ulikuwa unapigana! Mdogo vile!

Tulipokuzika, shangazi yako akasimama mbele ya watu akasema nimekubemenda. "Kaka yangu yuko Makanya anakata mkonge, huyu analala na nani? Maziwa ya uzinzi ndiyo yameua mtoto!" Nikamweleza maneno ya daktari. Akacheka. "Ini liote kama mgomba? Kawadanganye Wazungu wako." Tangu siku hiyo wanawake wenzangu, nikiketi kanisani, wanasogea mbali nami.

Basi sikiliza. Zamu yake ya maji ilipofika, nilipanda kwenye ndiva, bwawa letu la mlimani, nikauziba mfereji wa kwenda shambani kwake kwa mawe na udongo. Akazibua. Nikaziba. Maharage yake sasa ni manjano. Yanatoa kijani kidogo, jua linayaunguza, yanajaribu tena. Nimesimama nikayatazama, na moyo wangu ukafurahi.

Wazee wa mfereji wameniita. Baba yako amerudi, ananibembeleza, "Mke wangu, mwombe radhi yaishe." Simwombi. Nitawaambia wazee ni mimi, wakitaka mbuzi wa faini wachukue. Lakini yeye asimame mbele ya wale wale waliomsikia, aseme: Nakunda hakubemendwa. Akisema, nitaingia mferejini nimfungulie kwa mikono yangu.

Atasema tu. Jua la mwaka huu ni kali, na ana watoto wa kulisha.

Kwaheri, mwanangu, lala. Na mvua ikinyesha ikamwokoa kabla hajasema, nakuahidi, nitatafuta kingine cha kuziba.

Mama yako