Mwisho Uliosimuliwa Gizani

Mshangano, Songea
18 Juni 2023

Kaka Leodegari,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute magoti yako yakiwa yametulia, maana ya kwangu yanagoma. Baridi ya mwaka huu imetufungia jikoni. Mimi mzima, nakohoa kidogo asubuhi. Leticia wa marehemu dada yetu mzima, bado anafundisha, na bado ananigombeza nikipanda kwenye kiti kuondoa utando wa buibui. Mahindi tumevuna, si haba.

Leticia alitaka nikupigie simu. Nimemwambia kuna maneno ambayo nikiyasema kwenye simu utanikatiza, kama ulivyokuwa ukinikatiza tangu utoto. Karatasi huwezi kuikatiza.

Emiliani amerudi.

Ndiyo, Emiliani yule aliyepanda lori kwenda Zambia mwaka 1969, mimi nina miaka ishirini. Alisema angekaa miaka miwili. Aliandika barua tatu kutoka Kitwe, kisha kimya. Sasa amefiwa na mke, watoto wake wamebaki huko, naye amejenga vyumba viwili Mfaranyaki. Jumapili ya Pentekoste alinisubiri nje ya kanisa na mkongojo wake. Akasema, "Benigna, hujabadilika." Nikamjibu, "Macho yako ndiyo yaliyobadilika, nenda kapimwe." Alicheka mpaka mkongojo ukaanguka.

Wiki iliyofuata akamtuma mshenga. Isidori, mwalimu mwenzangu mstaafu, alikuja na jembe jipya akaliegemeza nyuma ya mlango wangu. Desturi ya kwetu unaijua: jembe hilo haliguswi na mtu mpaka kaka wa mwanamke alishike kwa mkono wake, ndipo posa imekubaliwa. Kaka aliyebaki ni wewe. Nina miaka sabini na nne na nimeposwa, usicheke.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya jembe. Nakuandikia kwa ajili ya ile filamu ya Kifaransa.

Unakumbuka Agosti 1968, ukumbi wa misheni, watu mpaka madirishani. Wewe ulikuwa mfasiri, unasimama kando ya kitambaa cheupe unatuambia kwa Kiswahili wanachosema. Wengi hatukuwa tumeona treni. Ulituambia ni mabasi yaliyofungwa kamba moja. Mashine ikaharibika kabla ya mwisho, nawe ukatusimulia gizani jinsi yule mwanamume alivyorudi, akamkuta yule mwanamke bado yuko stesheni. Mwanamke akamwambia, "Umechelewa. Shika sanduku, ni zito." Watu walilia. Mimi na Emiliani tulikuwa benchi moja.

Sasa Emiliani ananiambia aliiona filamu hiyo hiyo Kitwe mwaka 1971, na mwisho wake si huo. Anasema aliporudi chumbani kwake usiku ule aliacha kuniandikia. "Kaka yako alitudanganya," anasema.

Mwisho ule ulikuwa wa kweli, au hapana? Nijibu neno moja.

Mdogo wako,
Benigna

*

Lyon, Ufaransa
9 Julai 2023

Benigna mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika Ijumaa nikaisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Magoti yametulia, ni moyo ulioanza kunisumbua, na si kwa ugonjwa. Msalimie Leticia. Mwambie nami nakukataza kupanda kwenye kiti.

Neno moja ni hapana. Lakini nina deni la maneno mengine, na nitayaandika kwa mpangilio, kwa sababu nimekuwa nayo muda mrefu.

Mashine haikuharibika. Filamu ilikuja katika maboksi manne, kwa lori la barua kupitia Njombe. Nilipofungua boksi la nne nikaweka mkanda kwenye mashine, nikachungulia picha ya kwanza, nikaona ng'ombe. Ilikuwa filamu ya kuwafundisha wafugaji kuogesha mifugo kwenye josho. Huko tulikoiazima walikuwa wamechanganya. Nje ya chumba cha mashine kulikuwa na watu mia tatu, na wengine walikuwa wametembea tangu asubuhi. Nilizima taa. Nikasema mashine imeungua, lakini mwisho ninaujua.

Sikuujua. Filamu ile nilikuwa sijaiona hata mara moja. Na Kifaransa changu kilikuwa maneno ishirini niliyofundishwa na Bruda mmoja Mswisi, mengi yake ya bustanini. Hata yale niliyofasiri katika maboksi matatu ya kwanza, nusu niliyatunga nikiangalia midomo yao. Mwisho niliutunga wote. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na gizani niliwaza wewe na Emiliani, kwa kuwa nilijua ana mpango wa Zambia. Nilitunga mwisho niliotaka muupate ninyi wawili.

Mwisho wa kweli niliuona hapa Lyon mwaka 1974, mwaka wangu wa pili. Mwanamke anasimama stesheni ndogo na sanduku lake. Mwanamume yuko upande wa pili wa reli. Anamwona. Havuki. Treni inaingia katikati yao, inapoondoka yule mwanamke hayupo. Basi. Taa zikawaka, watu wakavaa makoti. Mimi nilibaki kwenye kiti mpaka mfagizi akanigusa bega.

Wakati huo ulikuwa umekwisha kumkataa yule karani wa ushirika, na yule wa Namtumbo. Mama aliniandikia kwamba unasema, "Nitangoja, hata wa kwenye filamu alingoja." Ningeweza kukuandikia siku ile ile. Nilikuwa na karatasi na nilikuwa na stempu. Sikuandika. Nimefanya kazi ya kufasiri vitabu vya watu miaka arobaini nikiogopa kuongeza neno lisilo lao, na kila siku nilijua ni kwa nini naogopa.

Jembe silishiki mpaka uniambie kama bado mimi ni kaka wa kulishika.

Kaka yako,
Leodegari

*

Lyon, Ufaransa
19 Novemba 2023

Benigna mdogo wangu,

Nakusalimu, na kuuliza hali yako bila kutegemea jibu. Miezi minne imepita. Leticia ameniandikia kwenye simu kwamba u mzima na kwamba nisikuharakishe, nami sikuharakishi. Mvua zitakuwa zimekaribia, mashamba yanasafishwa. Mimi nakula, nalala, natembea hadi mtoni na kurudi.

Ninaandika kwa sababu limetokea jambo ambalo hakuna mwingine duniani ninayeweza kumwambia.

Wametengeneza filamu ya pili. Mtengenezaji ni yule yule, na waigizaji ni wale wale wawili, sasa wamepita miaka themanini. Niliona tangazo kwenye kituo cha basi: sura zile zile, zimekunjamana kama shati. Nilikwenda Jumatano saa nane mchana. Ukumbini tulikuwa watu tisa, wote na mvi.

Sitakusimulia yote. Mara ya mwisho nilipokusimulia filamu unajua kilichotokea. Nitakuambia nilichokiona kwa macho, dakika kumi na moja za mwisho; nilizipima kwa saa.

Ni stesheni ile ile. Mwanamke upande huu na sanduku, mwanamume upande ule na mkongojo. Treni inaingia, inasimama, inaondoka. Niliinamisha kichwa, maana mwisho huo naujua. Nilipokiinua, treni imekwenda na mwanamke bado amesimama pale. Hakupanda. Na mwanamume anaivuka reli, Benigna. Anapanda daraja la watu wa miguu, ngazi moja moja, anapumzika katikati, anashuka. Hakuna muziki. Anamfikia. Mwanamke hasemi neno, anamnyooshea sanduku tu. Naye analipokea.

Nilijikuta nimesimama. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya ukumbi wa misheni, "Umechelewa. Shika sanduku, ni zito." Mama mmoja akaniambia nyamaza.

Silileti hili kama utetezi. Uongo wangu wa 1968 unabaki uongo. Nimeona tu kwamba ungependa kujua.

Kaka yako, kama bado,
Leodegari

*

Mshangano, Songea
6 Januari 2024

Kaka,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Tuko wazima. Mvua ni nyingi, mbolea tumeshaweka, barabara ya kwenda kwa Leticia imekuwa kidimbwi.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu haijui kuandika. Sasa imepoa, sikiliza.

Unajipa ukubwa usio wako. Unadhani nimekaa miaka hamsini mlangoni nikiangalia njia kwa sababu ya maneno yako ya gizani. Miaka mitatu, minne ya kwanza, ndiyo, nilingoja. Karani wa ushirika nilimkataa kwa sababu alikuwa akitafuna mdomo wazi, hilo la filamu nilimwambia Mama ili aniache. Halafu nilifundisha miaka thelathini na tatu. Nusu ya wauguzi wa mji huu nimewafundisha mimi kushika kalamu. Dada yetu alipofariki nikamlea Leticia. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Hayo si maisha ya mtu anayengoja treni.

Kilichoniuma ni 1974. Kwamba ulijua, ukawa na stempu, ukanyamaza. Kwa hilo una adhabu.

Nimemwambia Emiliani sijibu jembe la mtu kwa hadithi ya kusimuliwa. Yeye aliuamini mwisho mmoja, mimi mwingine, na hakuna kati yetu aliyeona yote. Basi tafuta filamu zote mbili, uzilete. Rekodi sauti yako ukifasiri, mwanzo mpaka mwisho, kama zamani. Ila safari hii usiongeze hata neno moja. Tutaonyesha hapa, kila mtu aone. Nikishaona nitamjibu.

Na ndiyo, bado ni kaka. Niliyenaye ni mmoja, ningefanyaje?

Mdogo wako,
Benigna

*

Mshangano, Songea
14 Aprili 2024

Kaka yangu,

Shikamoo sana. Leo usiniulize hali, hali yangu utaisoma hapa chini.

Diski zilifika salama na yule padri uliyempa alipokuja likizo, na sauti yako Leticia aliipata kwenye simu. Tumeonyesha Jumapili iliyopita katika ukumbi wa kigango, pale kanisani. Leticia aliazima mashine ya shuleni kwake, tukatundika shuka langu jeupe, sauti yako ikawekwa kwenye spika ya kwaya. Watu walijaa. Waliokuwapo mwaka 1968 tumebaki kumi na mmoja, tukakaa mbele. Emiliani alikaa benchi langu, katikati yetu tukaacha nafasi ya mtu mmoja, na hapo nikaweka kikapu changu chenye chupa ya chai na vikombe.

Ulipoanza kusema ukumbi ulitulia. Sauti imezeeka, lakini ni ile ile. Lukresia, mmoja wa wale kumi na mmoja, alininong'oneza, "Huyu alistahili kuwa padri." Nikamwambia, "Padri mwongo?" Akanifinya.

Ilipofika pale mwisho wa kwanza ukasema, "Mwanamume havuki reli. Treni inaondoka. Mwisho." Hapo Lukresia, na miaka yake themanini na mbili, akasimama.

"Mfasiri amezeeka, amesahau! Mimi nilikuwepo! Walikutana!"

Leticia akasema, "Bibi, filamu yenyewe ndivyo ilivyo."

"Basi Wafaransa ndio waliokosea. Weka hiyo nyingine."

Niligeuka nikamwona Emiliani anaangalia mikono yake. Akaniambia polepole, "Hiyo ndiyo niliyoiona Kitwe. Nilikuwa nimepunguzwa kazini wiki ile. Nikasema hata hawa wenye treni hawavuki, mimi nitavuka na nini?" Niliondoa kikapu pale katikati, nikakiweka miguuni pangu.

Tukaweka ya pili. Walipotokea wale wawili na mvi zao, ukumbi mzima uliguna kama watu waliokutana na ndugu. Zile dakika zako kumi na moja ulitii, hukuongeza neno. Alipopanda daraja, wazee tukawa tunapanda naye. Mtu nyuma anasema, "Pumzika, baba, pumzika kidogo." Akashuka. Akafika. Yule mama akanyoosha sanduku bila kusema, na wewe ukanyamaza.

Kaka, sisi kumi na mmoja tulipaza sauti pamoja, na hatukuwa tumepanga: "Umechelewa! Shika sanduku, ni zito!"

Vijana wakashangaa. "Mmejuaje?" Taa zikawashwa. Nikasimama. Magoti hayakugoma. Nikakiinua kile kikapu, nikamnyooshea Emiliani mbele ya watu wote, nikasema, "Umechelewa. Shika kikapu, ni kizito."

Alikipokea kwa mikono miwili na mkongojo ukaanguka tena. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Lukresia alicheza mpaka akaomba maji. Anamwambia kila mtu kwamba Wafaransa wametumia miaka hamsini na mitano kutufikia.

Basi jibu langu nimelitoa mwenyewe, mbele ya macho yote. Limebaki la kwako. Jembe bado liko nyuma ya mlango, limeanza kushika kutu. Isidori amekuja mara mbili kuliangalia kama mgonjwa. Ndoa itafungwa Juni, baada ya mavuno.

Barua hii usiijibu. Ikija bahasha ya Lyon nitajua umebaki huko, na sitaifungua.

Mdogo wako,
Benigna

*

Mfaranyaki, Songea
12 Juni 2024, saa mbili asubuhi

Benigna mdogo wangu,

Niko hapa, nyumba ya wageni, na bahasha hii haina stempu. Natumaini umelala vizuri. Mimi sikulala, basi lilifika jana jioni na nimekaa kibarazani nikisikiliza watu wanavyosalimiana.

Barua hii anakuletea Bashiru wa bodaboda, na sanduku langu amelifunga nyuma ya kiti. Mwite Emiliani alipokee, ni zito. Mimi nakuja kwa miguu, pole pole, nikipumzika katikati. Nimechelewa, najua.

Fungua mlango. Nakuja mikono mitupu, maana kuna jembe la kushika.

Kaka yako,
Leodegari