Mtoto Amekaa Kitako

Mpendwa Shangazi wa gazetini, shikamoo. Nisaidie kabla sijazaa, maana mwezi wangu ndio huu, na mimba yenyewe ni ya kwanza, na kazi yangu ni kufua nguo za watu, nafua magauni ya kulalia ya wenzangu lakini shimizi langu mwenyewe nimelishona kwa mfuko wa unga, nikalipiga sabuni mpaka mikono ikachubuka, maandishi yakagoma kutoka, na siku niliyokwenda kliniki nesi akaniambia nipande kitandani, nikapanda, akanisoma matakoni kwa sauti, "Uzito halisi kilo hamsini," akawaita wenzake, "Jamani, leo tumeletewa unga!" wakacheka mpaka mmoja akakaa sakafuni. Alipomaliza kucheka akanipima tumbo, akasema mtoto amekaa kitako, nisithubutu kuzalia nyumbani, niende hospitali kubwa, lakini mimi nilikuwa nalia, sikuuliza kitu.

Nilipomweleza mama mkwe akapiga vigelegele. "Mjukuu wangu ana adabu, amekaa kitako anasubiri zamu yake! Ulitaka akalie masikio?" Akasema hospitali ni ya watoto watukutu, huyu atamzalisha mwenyewe, kwani aliwahi kumzalisha mbuzi wa jirani, na sasa kila siku baada ya chai ananilaza mkekani anafanya mazoezi kwa mto wa kulalia, eti ndio mtoto, na juzi mto ukamponyoka ukatumbukia kwenye beseni la nguo za wateja. Mume wangu anasema tumsikilize mama. Mimi naogopa, Shangazi, lakini aibu ya lile shimizi nayo imenikaba. Nifanye nini?

Mfua Nguo

*

Marahaba mwanangu, na pole. Nimecheka, sikufichi, kisha nikafika kwenye hilo neno "kitako" kicheko kikakatika. Hakuna adabu hapo! Nesi alimaanisha matako ya mtoto yako chini, kichwa kiko juu. Mtoto wa namna hiyo anaweza kutoka mwili, kichwa kikakwama, na hapo mkekani hakuna wa kumnasua. Anahitaji mkunga aliyesomea, daktari awe karibu, na pengine upasuaji. Huyo mbuzi mwacheni apumzike.

Na wewe nawe! Utakufa kwa ajili ya shimizi? Nenda nalo hilo hilo. Nesi aliyekucheka amekosa sana, na ukishajifungua salama tutamshtaki kwa mkuu wake, barua nitaiandika mimi. Lakini huyo huyo mcheshi ndiye aliyekuambia ukweli wa tumbo lako. Chukua kadi ya kliniki, mumeo atafute usafiri, uende hospitali kubwa leo, usingoje uchungu ukukute nyumbani.

Halafu gazeti letu hutoka mara moja kwa wiki, na tumbo lako halijui ratiba yetu. Kwa hiyo nimepiga ile namba uliyoandika chini ya barua. Amepokea mama mkwe, anahema, eti yuko mazoezini. Nikamweleza yote. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ningemuua?"

Nikamwambia ndiyo, mama, pengine wote wawili.

Nikasikia simu imetupwa, na yeye anampigia mwanawe kelele: "Wewe! Acha kula! Mkeo anakwenda hospitali sasa hivi, na mimi nakwenda naye!"