Sura ya sita niliyoifuta

Jumapili jioni.

Na kweli sikupaswa kuifuta. Kitabu hicho cha kusikiliza mwalimu alikituma kwenye simu yangu, sura moja moja, ili binti yangu Neema, asiyeona, asikae bure likizo. Nilitangulia kusikiliza huku nabangua karanga. Msomaji ana sauti nzuri, hana haraka. Lakini sura ya sita baba wa yule binti wa kwenye hadithi anazama, nikasema hapana. Baba yake Neema alizama bwawani Mtera, mwaka wa pili sasa. Nikaifuta.

Leo kaniuliza, "Mama, mbona baba wa yule binti hasemi tena?"

"Kasafiri."

"Mama nawe! Sura ya saba watu wanamlilia, wewe unasema kasafiri?" Akacheka. "Hata mimi mlinipeleka kwa mama mdogo, mkaniambia baba kasafiri. Nilirudi mmeshazika. Nilitaka nisikie mwenzangu alifanyaje siku ile."

Nilidhani namkinga, kumbe…

Nimemwandikia mwalimu: "Naomba sura ya sita tena, tafadhali nijibu upesi." Bado kimya. Neema kaishika simu kwa mikono miwili, anangoja ilie.