Mtamba wa Gwandu

Jumatatu, 4 Agosti 1958
Nimeita majina. Mapengo tena. Wavulana wa mbugani wamefuata mifugo kwenye maji. Kila kiangazi hivi hivi. Kwetu Tlawi mtoro utamkuta shambani analinda mahindi. Huku Balangdalalu utamtafuta nchi nzima. Gwandu yupo, deski la mbele. Darasa la nane lote hakuna anayemfikia kwa hesabu. Akifanya mtihani Novemba atakwenda sekondari, wa kwanza ukoo mzima. Nimemwambia asithubutu kukosa hata siku moja. Nimebweka kama mbwa.

Jumamosi, 9 Agosti
Baraza la chifu limepitisha amri. Mzazi wa mtoro atatozwa ng'ombe. Nimepiga makofi mpaka viganja vimewaka. Hatimaye wametushika mkono. Siku zote walimu tunawafuata watoro kwa miguu na kurudi na vumbi tu. Tarishi atatangaza kambi kwa kambi. Leo nina matumaini. Si kawaida yangu.

Jumatano, 20 Agosti
Gwandu hayupo.

Alhamisi, 21 Agosti
Hayupo.

Jumatatu, 25 Agosti
Baba yake amekwenda mwenyewe kwa chifu, hakungoja kuitwa. Amepeleka mtamba mweusi, mwenye mimba. Nimemkuta pale. Karani alikuwa anachekelea: amri inafanya kazi! Nikamwuliza mzee, Gwandu yuko wapi. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemwonea mwingine huruma.

"Mlitaka ng'ombe, mwalimu. Nimeleta. Shauri limekwisha."

Ndipo nikaelewa. Kwao ng'ombe akishapokewa, shauri limezikwa, hata liwe la damu. Sisi tulitangaza adhabu. Wao wamesikia fidia. Mzee amemkomboa mwanawe kutoka kwetu, na hakuleta ng'ombe mbovu. Anampenda.

Ijumaa, 29 Agosti
Nimemwomba chifu amrudishe mtamba. Amekataa. Kurudisha ng'ombe aliyekwisha kupokewa ni kumtukana mzee mbele ya watu, na ugomvi utaanza upya, mkubwa zaidi. Ni kweli. Ndiyo inayoniudhi. Nilipokuwa natoka, wazee wengine walikuwa wanaingia na ng'ombe wao. Nyuso zimetulia kabisa.

Jumapili, 7 Septemba
Nimekwenda kambini kwao. Jua kali, miguu imechubuka. Wanajiandaa kuhama. Gwandu alikuja mbio na fimbo yake. Shikamoo mwalimu. Marahaba. Nikamwambia turudi wote, leo hii. Akatazama chini.

"Nimeshalipiwa, mwalimu."

Kisha akauliza darasa limefika wapi kwenye hesabu. Nikamwambia. Akasema hizo anaziweza. Mama yake alinipa maziwa kwenye kibuyu, nikanywa, nikaaga. Nimelia njiani. Mtu mzima na koti langu la ualimu.

Jumanne, 14 Oktoba
Bwana shauri, mkubwa wa serikali wilayani, amepita. Ameisifu amri. Zizi la baraza limejaa, na darasa langu limebaki nusu, lakini zizi ndilo alilooneshwa. Baraza limeipa shule ng'ombe mmoja, msaada wa kupunguza utoro, ili watoto wapate maziwa kwenye uji. Ni yule mweusi. Mwalimu mkuu akanisukuma mbele nitoe shukrani. Nikatoa. Nilipojaribu kueleza baadaye, bwana shauri alikuwa ameshapanda gari.

Alhamisi, 6 Novemba
Mtamba amezaa. Ndama jike. Watoto wanashangilia. Nawachukia wote leo, na hawajanikosea chochote.

Jumatatu, 17 Novemba
Mtihani. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Mbugani majani yataota. Waliohama hawajaonekana. Deski la mbele nililifuta vumbi mwenyewe. Msimamizi ameuliza kama kuna mtu wa kungojwa. Nimesema hapana. Tukagawa karatasi. Maswali ya hesabu ni mepesi, angeyamaliza kabla ya wenzake. Saa nne mpishi aliniletea chai ya maziwa. Ilikuwa nzuri. Nimeinywa yote.