Chumvi ya Babako

Mwanangu Alefiya,

Assalaam alaikum. Natumai baridi ya huko Toronto imepungua. Huku Bondeni tupo, alhamdulillahi. Gunga, msaidizi wa babako, anafungua duka kila asubuhi, ila anapiga redio kwa sauti ambayo babako asingeikubali. Mlango wa roshani bado haufungi, na usiniulize tena kama nimemwita fundi.

Majibu ya kile kinyama walichomkata babako pafuni yametoka. Daktari anasema saratani yake ina alama fulani kwenye jeni, na yenye alama hiyo hupenda kupanda ubongoni. Dawa yake ipo, ni vidonge, ameshaanza kumeza. Jumatatu atapigwa picha ya kichwa. Nilimwambia daktari, kichwa cha Badruddin hakina neno, bei ya kila bawaba dukani anayo. Kwa hiyo usihangaike kuja.

Jana mchana nilitandika sinia kama kawaida, ingawa tumebaki wawili. Wajua babako hagusi chakula kabla hajatugawia chumvi ya kuonja, mmoja mmoja. Alishika kibakuli cha chumvi, akakielekeza pale unapokaa wewe, akangoja.

"Alefiya, onja, mwanangu. Chakula kinapoa."

Kisha akakiweka chini, akaanza kula.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, kidole nimekinyoosha.

Nikachota mwenyewe.

Pale juu nilipoandika usije, pafute.

Mamako,
Sabira